Chuo cha Akiba: Nasaha kwa Wanaoomba Vyuo na kwa Wazazi Wao

(Haya ni maandishi ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita, wanafunzi wa mahad na wazazi wao. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwongozo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Imamu wetu alinitaka nizungumzie fadhila za kutafuta elimu. Fadhila hizo mmezisikia tangu mkiwa mikekani, na wengi wenu mnaweza kunisomea mimi. Kwa idhini yake nimechagua jambo jingine, ambalo kwa nadra hutajwa mimbarini, ilhali linatafuna nyoyo za watoto wetu kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita. Jambo lenyewe limo ndani ya neno moja, nalo ni neno "akiba".

Wiki iliyopita alinijia kijana niliyemsomesha madrasa. Alikuwa ameomba nafasi katika vyuo vikuu vitatu. Viwili vimemkubali, na kile cha tatu, chenye jina kubwa, hakikumkubali. Nikampa mkono na kumwambia mabruk. Akaurudisha mkono wake taratibu, akasema: "Usinipe hongera, ustadh. Hivi vyote viwili ni vyuo vya akiba tu."

Nikamuuliza: "Umekwisha kwenda kuviona?" Akasema hapana. "Unamjua mwalimu wake hata mmoja?" Hapana. "Umesoma mtaala wao?" Hapana. "Basi umejuaje kuwa ni vya akiba?" Akanijibu: "Kila mtu anajua, ustadh."

Kila mtu anajua. Katika maneno haya matatu ndimo ulimo mhadhara wangu wa leo.

KUWEKA AKIBA SI KOSA

Kwanza, tusiwadhulumu vijana wetu. Kuomba chuo zaidi ya kimoja ni katika kuchukua hadhari, na hadhari haipingani na kumtegemea Allah. Mnakijua kisa cha yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake, akaelekezwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Anayeomba chuo kimoja tu kwa sababu ya kujiamini kupita kiasi ni mfano wa aliyemwacha ngamia bila kamba.

Aidha, utaratibu wenyewe wa nchi yetu unamtaka muombaji afikirie zaidi ya chuo kimoja. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambamo kijana alipanga machaguo yake kwa utaratibu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilishwa, waombaji wakaelekezwa kupeleka maombi yao moja kwa moja vyuoni, na aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja akatakiwa kuthibitisha kimoja tu. Katika hali hiyo hapana budi mtu awe na machaguo kadhaa.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya karibuni kimekuwa kikiwakubali waombaji wasiofika 5 katika kila 100, vijana huvigawa vyuo mafungu matatu: vile wanavyovitamani japo viko mbali nao, vile vinavyolingana na uwezo wao, na vile wanavyoamini kuwa havitawakataa. Fungu hili la mwisho wamelipa jina lenye maana ya "chuo cha usalama". Kwa asili yake jina hilo lilikuwa la kupangia maombi tu. Lakini likatoka katika karatasi likaingia katika ndimi, na kutoka katika ndimi likaingia nyoyoni, hata likawa ni tusi. Kijana akimwambia mwenzake kuwa chuo chako kwangu mimi ni cha usalama, huwa amekwisha kumwambia: mahali unapopapandia wewe, mimi napakanyaga.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa. Orodha ya machaguo ni hesabu, na hesabu haina dhambi. Dhambi huanza pale daraja la chuo linapogeuzwa kuwa daraja la mtu.

KIBURI KIMEELEZWA, HATUHITAJI KUKISIA

Mtume (s.a.w.) alipowahofisha Sahaba zake kwamba haingii Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni mwake, mtu mmoja aliingiwa na wasiwasi. Akauliza juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kitu kingine chenye sehemu mbili: kuikataa haki na kuwadharau watu.

Tafakarini, ndugu zangu, jinsi jawabu hili linavyotufaa. Kupenda kusoma katika chuo kizuri ni kama kupenda nguo nzuri, na si kosa. Kijana akitamani Mlimani kwa sababu ya maktaba yake na walimu wake, au akitamani Madina kwa sababu ya kusoma jirani na Msikiti wa Mtume (s.a.w.), tumwombee apate. Lakini ajipime kwa sehemu zile mbili.

Kuikataa haki ni kukataa kujifunza kutoka kwa mtu kwa sababu ya mahali alikosoma. Anasema neno sahihi, na dalili yake i wazi, lakini wewe moyoni unauliza: huyu naye kamaliza wapi? Na kuwadharau watu ni hilo neno "akiba" lenyewe, linapotamkwa mbele ya mtoto wa mvuvi kutoka Kilwa ambaye chuo hicho hicho ndicho kilikuwa chaguo lake la kwanza na la mwisho, na siku alipokubaliwa alisujudu sijida ya kushukuru. Yeye amemshukuru Mola wake kwa neema hiyo. Wewe umeitia katika kapu la taka mbele ya macho yake.

NAMNA MAJINA MAKUBWA YALIVYOANZA

Mababu zetu wa pwani walimwita mtu mwenye elimu kwa jina la "mwanachuoni". Hawakusema wa chuo gani. Chuo kwao kilikuwa ni mahali watoto walipokaa juu ya mikeka mbele ya mbao zao, na katika Kiswahili cha zamani neno hilo hilo lilitumika pia kwa maana ya kitabu. Kwa hiyo mwanachuoni alikuwa ni mtu wa kitabu, aliyekaa nacho mpaka kikamwathiri. Jina lilitokana na kukaa kwake na elimu, si na jengo alimokalia.

Tuvitazame hivyo vyuo vinavyotutoa machozi. Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa Cairo mwaka 970 na watawala wa Kifatimiyya, waliokuwa wa madhehebu ya Kishia. Salahuddin alipouondoa utawala huo mwaka 1171, Sala ya Ijumaa ikaondolewa Al-Azhar, na kwa karibu karne moja hapakusomwa khutba hapo, mpaka ilipokuja kurejeshwa mwaka 1266 katika zama za Sultani Baybars. Al-Azhar hii ambayo leo kijana wetu akipata nafasi mtaa mzima hutangaziwa, iliwahi kukaa takriban miaka mia ikiwa haina hata Ijumaa. Utukufu wa majengo hupanda na kushuka.

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961. Katika wakuu wake wa mwanzo alikuwamo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, Allah amrehemu, ambaye alikuwa makamu wa mkuu wa chuo tangu kilipoanzishwa, kisha akawa mkuu wa chuo kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, na elimu yake aliipata katika halaka za masheikh wa Riyadh. Na katika waliosomesha Hadithi chuoni hapo miaka ile ya mwanzo alikuwamo Sheikh Muhammad Nasiruddin al-Albani, ambaye riziki yake huko Damascus ilitokana na kutengeneza saa, na elimu yake kubwa ya Hadithi aliitoa katika rafu za maktaba ya Dhahiriyya. Lau watu hawa wawili wangepimwa kwa kipimo chetu cha leo, tungeuliza wamemaliza wapi, na tungewaweka katika orodha ya akiba. Ilhali wao ndio walioshiriki kukipa chuo hicho heshima ambayo sisi leo tunaigombania.

Mwaka huo huo wa 1961, mwezi Oktoba, ndipo kilipofunguliwa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la kuazima la chama cha TANU katika mtaa wa Lumumba. Hapakuwa na mlima wala Mlimani. Kilihamia juu ya kilima miaka michache baadaye, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970.

Na kwetu sisi pwani ya Afrika Mashariki, ni nani aliyeufungua mlango wa kuwaamsha Waislamu kwa kalamu? Ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891 hadi 1947), aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930. Akafuatia Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja (1912 hadi 1982), ambaye tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili ipo katika majumba yetu mpaka leo. Elimu yao ya dini waliipata misikitini na majumbani mwa masheikh wa Mombasa na Unguja. Leo mhitimu wa chuo chenye jina, aliyerudi na shahada yake ndani ya fremu ya kioo, anafungua tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh ili aandae darsa yake ya jioni. Basi ni nani hapo aliye akiba ya mwenzake?

FAHARI YA KUWA WACHACHE

Kujiona huku si jambo jipya kwetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma, wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambako kwa muda wangelipwa sehemu tu ya mishahara waliyoitarajia. Rais wa wakati huo, Julius Nyerere, aliwafukuza zaidi ya 300 na kuwarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirejeshwa chuoni baadaye.

Sikukitaja kisa hiki ili tuwahukumu. Walikuwa vijana, na walikuwa na hoja zao. Nataka mlizingatie lile joho. Wangeweza kwenda na nguo zao za kila siku, lakini walichagua vazi linalowatenga na raia waliokuwa wakiwatazama barabarani. Kila elimu inapokuwa ya wachache, shetani humnong'oneza mwenye nayo kwamba uchache huo ni ubora. Na Iblisi hakuangamia kwa ujinga. Aliangamia kwa kujiona bora kwa sababu ya asili aliyotokana nayo, akamdharau aliyetokana na udongo.

SAFARI YA NABII MUSA (A.S.)

Vijana wangu, safari mashuhuri zaidi ya kutafuta elimu iliyosimuliwa ndani ya Qur'an ni ile ya Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Kahf. Hadithi sahihi inatueleza sababu yake. Musa (a.s.) aliulizwa ni nani mwenye elimu zaidi katika watu, naye akajitaja mwenyewe. Allah (s.w.) akamlaumu kwa kutoirudisha elimu kwake, akamjulisha kwamba yuko mja mwingine penye makutano ya bahari mbili.

Huyu ni Nabii aliyesemezwa na Allah na kupewa Taurati. Akafunga safari na kijana wake, na samaki wao katika kikapu, akachoka njiani mpaka akataka chakula. Na alikuwa anamwendea nani? Qur'an haikulitaja jina la mwalimu huyo. Imetuambia tu kwamba ni mja katika waja wa Allah, aliyepewa rehema na kufundishwa elimu. Jina la Khidhr tumelipata katika Hadithi. Na Musa (a.s.) alipomfikia hakumuuliza alisoma wapi. Aliomba ruhusa ya kumfuata ili ajifunze.

Nabii alikwenda kwa mwalimu ambaye Kitabu hakikumpa jina, nasi tunamkataa mwalimu kwa sababu chuo chake hakina jina.

YALIYONIPATA MWENYEWE

Ndugu zangu, msidhani kuwa nawasemesha kutoka juu. Maradhi haya nayajua kwa sababu niliugua.

Nilipomaliza mahad niliomba Madina. Nikakusanya tazkiya za masheikh, nikapeleka vyeti, nikasubiri mwaka wa kwanza na wa pili. Jibu halikuja. Katika mwaka wa pili ukaja ufadhili wa chuo kingine katika nchi ya Kiarabu, ambacho sitakitaja. Nilikwenda, lakini nilikwenda kama mtu aliyepanda gari la watu wengine. Kila aliyeniuliza nilimwambia: "Mimi niko hapa kwa muda tu." Nilikaa safu ya nyuma. Tulikuwa na mwalimu mzee wa sarufi, mwenye kanzu iliyopauka, aliyesomesha bila kitabu. Nilimdharau, sikuandika alichosema, na mwisho wa mwaka somo lake ndilo lililoniangusha. Nilipokwenda kumlalamikia aliniambia maneno machache: "Mwanangu, umekaa mwaka mzima mlangoni mwa nyumba iliyokukataa, na hii iliyokufungulia hujaingia bado."

Hilo halikutosha kunizindua. Nikarudi likizo. Siku moja baada ya Sala ya Isha, katika msikiti wa kwetu, mzee mmoja alisimama akanitambulisha kwa watu, akasema: "Huyu kijana wetu anasoma Madina, tumsikilize." Ilikuwa ni kosa la kusikia tu, wala mzee wa watu hakukusudia uongo. Ningeweza kulirekebisha kwa neno moja. Nikanyamaza. Nikasimama, nikahimidi, nikatoa darsa juu ya ikhlasi.

Baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa katika safu ya pili. Alikuwa anajua. Hakusema kitu msikitini, wala hakusema kitu njiani. Tulipofika nyumbani alivua kofia yake, akaniuliza: "Mwanangu, hicho chuo chako wanafundisha jambo gani la aibu?" Nikamwambia: "Hawafundishi la aibu, baba." Akasema: "Basi lile shamba la minazi nililiuza kwa ajili ya nauli ya kwenda chuo kipi?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua siku tatu kupata nguvu ya kumwomba imamu ruhusa, nikasimama tena pale pale nikawaambia watu jina la chuo changu. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyetoka. Mzigo wote ule nilikuwa nimejitwisha mwenyewe. Nilirudi masomoni nikakaa safu ya mbele, kwa yule mzee wa sarufi, na kila ninachokielewa leo katika lugha ya Kiarabu, baada ya taufiki ya Allah, nimekipata kwake.

Mnajua ile Hadithi ya watu watatu wa mwanzo watakaohukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyejifunza elimu na kusoma Qur'an ili aitwe msomi. Ataambiwa kwamba amekwisha kuitwa. Kila niikumbukapo naikumbuka usiku ule. Mimi niliitwa hata kabla ya kusoma.

JE, VYUO VYOTE NI SAWA?

Huenda mtu akasema: ustadh anataka tuamini kuwa vyuo vyote ni sawa. Sikusema hivyo, na si kweli. Viko vyenye maktaba na visivyo nayo, vyenye walimu wanaohudhuria na vyenye walimu wa majina tu katika karatasi. Jina kubwa nalo halikosi faida. Hufungua baadhi ya milango, na mwenye kulikanusha hilo anajidanganya.

Lakini tusiipe faida hiyo zaidi ya haki yake. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti juu ya watu walioanza vyuo mwaka 1976. Waliwalinganisha waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya daraja moja, ila baadhi yao wakachagua kwenda chuo chenye masharti mepesi zaidi. Miaka mingi baadaye vipato vyao vilikuwa takriban sawa. Walioonekana kunufaika zaidi na vyuo vikubwa ni waliotoka katika familia maskini. Kwa hiyo mtoto wa maskini akipata nafasi kubwa asiiache kwa kisingizio cha unyenyekevu. Na asiyeipata asidhani kwamba riziki yake imefungwa, kwani bidii yake anakwenda nayo popote aendapo.

NASAHA

Kwenu vijana. Kabla ya kuomba, chunguzeni: je, chuo kinatambuliwa na Tume? Kozi unayoitaka ipo, na nani anaisomesha? Ada yake ni kiasi gani, na mkopo ukikosekana mzazi wako ataimudu? Kisha sali istikhara, upange machaguo yako, wala usiweke katika orodha yako chuo ambacho utaona aibu kukitaja. Ikiwa huwezi kukisomea kwa moyo mmoja, usiwazibie nafasi wenzako. Ukikubaliwa, thibitisha kwa wakati. Nimewaona vijana waliokataa nafasi waliyopewa wakingojea jina kubwa, dirisha la udahili likafungwa, wakabaki kijiweni na hoja zao. Na ukiingia, kaa safu ya mbele tangu siku ya kwanza. Huenda ukachukia jambo na kheri yako ikawa ndani yake. Hilo ni fundisho la Mola wetu, si maneno ya kujiliwaza.

Kwenu wazazi. Mtoto hazaliwi na neno "akiba" mdomoni. Hulisikia kwetu. Tukikaa katika harusi, mwenye mtoto Mlimani hulitaja jina la chuo kabla hajaulizwa, na mwenye mtoto kwingineko husema tu kwamba "yuko anasoma". Mtoto wa pili anaisikia hiyo kimya ya baba yake, nayo inamuuma kuliko barua ya kukataliwa. Litajeni jina la chuo cha mtoto wenu kwa sauti ile ile ambayo mngelitaja lile kubwa.

Kwetu sisi walimu, maimamu na kamati za misikiti. Tuache kumtambulisha mtu kwa jina la chuo. Tunapotafuta mwalimu wa madrasa, tumsikilize usomaji wake, tuulizie tabia yake, tumwone anavyokaa na watoto, kisha ndipo tuitazame karatasi. Na tukumbuke vyuo ambavyo Waislamu wa eneo hili wamevipata baada ya jitihada ndefu: kile cha Mbale nchini Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Zanzibar mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005. Kama vina upungufu, tuuseme kwa uadilifu na tusaidie kuuondoa. Lakini tukiviombea dua mimbarini, kisha tukavipangia watoto walioshindwa kwingine, tutakuwa tumevihukumu sisi wenyewe. Chuo hukua kwa kupata wanafunzi wanaokitaka.

Nahitimisha kwa habari ya yule kijana wangu. Jana usiku alinitumia ujumbe mfupi kwamba amethibitisha nafasi katika kimoja kati ya vile vyuo viwili. Katika ujumbe wake hakuandika neno akiba. Aliandika jina la chuo, kamili, na jina la kozi yake. Nami nikamrudishia ile mabruk aliyoikataa.

Ewe Mola wetu, tunakuomba elimu yenye manufaa, na tunajikinga kwako na elimu isiyonufaisha na moyo usionyenyekea. Watakabalie watoto wetu, popote utakapowapeleka, na uwafanye wawe kheri kwa mahali hapo. Warehemu walimu wetu, wenye majina na wasio na majina, na uwarehemu wazazi wetu waliouza walivyokuwa navyo ili sisi tusome. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Walhamdulillahi Rabbil-alamin.